Kabati, Msuli na Mama Mkwe

Sakafu za nyumba za zamani hapa Mikindani hazipimwi kwa macho, zinapimwa kwa gololi. Ya kwetu ukiiweka mlango wa uani inaondoka yenyewe, inakatiza sebuleni bila haraka, inatoka mlango wa mbele, na usipoiwahi utaikuta barabarani ikielekea baharini. Ni hapa hapa David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Wanahistoria wana sababu zao. Mimi naamini alikosa pa kusimamisha kabati.

Basi katika nyumba hiyo mke wangu akaagiza kabati la mashubaka kutoka Kariakoo. Lile la kujiunganishia: mbao kwenye maboksi, skrubu kwenye kifuko, na karatasi ya maelekezo isiyo na neno hata moja, ila kikatuni kisichovaa nguo kinachotabasamu muda wote. Mke wangu anauza vyombo, na vyombo vilikuwa vimeshahamia chumbani. Tulikuwa tunalala na hotipoti. Kabati lilipokamilika lilikuwa na mita 2 kwenda juu na sentimita 40 tu kwenda nyuma. Refu, jembamba, na maringo juu.

Mama mkwe, aliyekuja kufunga Ramadhani kwetu na sasa Mfungo Tatu unaingia, alilitazama akasema, "Ukutani kuna mashubaka tayari, wazee waliwajengea. Haya mengine ya nini?" Mkwe hajibiwi. Nikasema ndiyo mama, nikaendelea kukaza skrubu.

Kuliinua, likainama mbele, linakutazama utosini. Nikakunja maboksi yake mwenyewe, nikayachomeka chini ya miguu ya mbele, likanyooka. Kikatuni kilisisitiza pia lifungwe ukutani kwa mkanda, nikaazima drili. Nyie mnaokaa nyumba za tofali za saruji hamjui raha mliyonayo. Ukuta wetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Drili inaingia bila kubishana na mtu, unga mweupe unamwagika, na tundu la milimita 8 linaishia kupitisha kidole. Plagi ya plastiki ukiisukuma inazama yote; ukikaza skrubu, plagi nayo inazunguka. Matundu nikayafunika kwa kalenda, nikasema maboksi yanatosha.

Na yangetosha! Lakini mama mkwe kila asubuhi hupiga deki, na hana mkono wa birika kwenye maji. Maboksi yakalowa, yakabonyea, yakaanza kutoa ulimi nje. Mama akaona takataka chini ya kabati la mwanawe, akazichomoa kwa ncha ya fagio la chelewa. Kisha, kwa vile wajukuu walikuwa wanapigia ngoma masufuria ya shughuli, yale makubwa ya pilau, akayapandisha yote mashubaka ya juu kabisa. Nia njema tupu. Hakumwambia mtu, kwani usafi unatangazwa?

Siku hiyo mke wangu alikuwa ameenda Mtwara mjini kufuatilia wadeni wake. Mimi nimetoka kuoga, nina msuli tu kiunoni, umefungwa kile kifundo cha mtu asiyetarajia wageni. Nikanyoosha mkono kuchukua chupa ya chai shubaka la juu. Ikawa imebanwa na sufuria. Nikavuta.

Kabati likanifuata.

Halikuja kwa hasira. Lilikuja polepole, kwa heshima, nikalipokea kwa viganja na kifua. Sufuria la kwanza likanipita sikioni, likatua chini kwa kishindo, na kwa kuwa sakafu ndiyo ile, likasimama kwa ukingo wake na kuanza safari ya barabarani. La pili likaliandama.

Mlango wa chumba ukafunguliwa.

"Shikamoo mama," nikasema, maana hata ukikaribia kufa salamu ni wajibu.

"Marahaba baba. Kuna nini?"

"Hakuna neno, mama."

Hapo ndipo nikahisi kifundo kinalegea. Nikabana magoti, nikatoa tumbo nje kukizuia kisinisaliti. Nikiachia mkono mmoja, kabati linaanguka na mtaji wa mke wangu. Nisipoachia, nabaki sawasawa na kile kikatuni, ila bila tabasamu. Mama akaelewa kabla sijasema. Akavuta kanga ikamfunika uso wote, akageukia ukuta, akawa anaongea na kalenda: "Vumilia baba, usiachie chochote. Naita watu." Akatoka akipapasa ukuta mpaka mlangoni, nikamsikia nje, "Jamani wanaume! Mkwe wangu kashikwa na kabati!"

Wazee wa baraza la jirani walikuwa wanacheza bao, na walikuwa wameshaliona sufuria likipita. Wakaja wote, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mbele yao.

"Shemeji, nishike wapi kwanza?"

"Msuli!"

Akaufunga. Ungedhani sasa watalishika kabati. Wapi! Mmoja akasema kosa ni la sakafu, mwingine akasema vitu vya siku hizi havina uzito, wa tatu akataka kujua bei. Shemeji, anayesoma kila kitu kwenye simu, akawaeleza kuwa Marekani mwaka 2022 walipitisha sheria ya kuzuia makabati ya nguo yasiangukie watoto. Mzee mmoja akafikiri, akauliza, "Sasa likikaidi, linafungwa miaka mingapi?" Wakacheka huku mikono yangu inatetemeka.

Aliyeniokoa ni fundi mashua. Hakucheka wala hakutoa maoni, alikuja na kuweka bega. "Teremsheni vya juu kwanza," akasema. "Mzigo mzito unakaa chini. Chombo ukikipakia kichwani kitapinduka hata bahari ikiwa shwari." Vyombo vikashuka, kabati likarudi ukutani, na mimi nikaenda kuvaa suruali.

Niliporudi alikuwa na pima maji. Akaniambia sakafu haijakosewa hata kidogo: imeteremshwa makusudi kuelekea mlangoni ili maji ya deki yatoke yenyewe. Kutoka miguu ya nyuma hadi ya mbele ilikuwa imeshuka sentimita 1. Nikamwambia hicho ni kitu kidogo. Akainua kidole mpaka juu ya kabati: "Kwa kina cha sentimita 40, ndiyo. Lakini huko juu, mita 2, kichwa kimeshakwenda mbele sentimita 5. Halafu unakivuta."

Akachonga kabari za mti mgumu, mbili mbili kwa kila mguu wa mbele, moja inaingia kushoto na nyingine kulia, akizigonga kidogo kidogo huku jicho liko kwenye pima maji mpaka lile povu la hewa likatulia katikati. Akazipigilia misumari midogo zisichomoke. "Hizi fagio halizitoi," akasema kwa sauti, mama mkwe akaanza kukohoa chumbani. Ukuta hakuugusa. Alitazama juu kwenye boriti za mikoko zilizobeba dari, akachagua moja, akapitisha kamba ya mashua nyuma ya kabati, kulia na kushoto, akaikaza kwa fundo nisilolijua. Ujira wake akataka hotipoti. Akachagua kubwa.

Mke wangu kurudi jioni, jambo la kwanza kuliona ni kamba. "Mbona mmelifunga kama mbuzi wa Idi?" Nikamwambia akamuulize mama yake. Akaingia chumbani kwa mama, kukawa kimya, halafu nikasikia kicheko kinachozibwa kwa mto. Kikaendelea muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Alipotoka alikuwa na kipande cha ile kamba, kimekatwa vizuri na ncha zake zimefungwa uzi.

"Mama anakusalimu. Kasema hiki ni cha msuli."