Acheni Hesabu ya Tenisi Kama Ilivyo

Mtangazaji mmoja wa redio, ambaye kwa kawaida namsikiliza kwa heshima, juzi alitumia sehemu kubwa ya kipindi chake cha michezo kuicheka hesabu ya tenisi. Alisema kwamba mchezo unaohesabu 15, 30, kisha 40 lazima ulibuniwa na walevi, na kwamba ungehesabiwa moja, mbili, tatu, vijana wetu wangeupenda. Mwenzake studioni akaangua kicheko. Mimi nilizima redio.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba namba zenyewe ni za ajabu. Zilitoka Ufaransa ya karne za kati, ambako watawa na wakuu walikuwa wakipigiana mpira kwa kiganja cha mkono kabla raketi hazijaja, na hiyo 40 ilikuwa 45 kabla ndimi hazijaifupisha. Wapo wanaoapa kwamba zilisomwa kwenye uso wa saa. Ni hadithi tamu, ila saa za enzi hizo hazikuwa na mshale wa dakika.

Walevi, hata hivyo, hawahusiki. Meja Walter Clopton Wingfield alipopata hataza ya tenisi ya kwenye nyasi mwaka 1874 huko Uingereza (ingawa Harry Gem na Augurio Perera walikuwa wameshaucheza mchezo wa namna hiyo Birmingham kabla yake), hesabu yake ilikuwa nyepesi kabisa: pointi moja moja hadi 15, na aliyeanzisha mpira ndiye pekee aliyeweza kupata pointi. Mwaka 1877, klabu ya Wimbledon ilipoandaa mashindano yake ya kwanza, Henry Jones, Julian Marshall na C. G. Heathcote walikaa chini wakazipitia sheria upya. Uwanja wa Wingfield, uliobanwa katikati penye wavu, waliufanya mstatili wa mita 23.77 kwa 8.23, vipimo ambavyo mchezaji mmoja dhidi ya mmoja anavitumia hadi leo, na ile hesabu nyepesi wakaiacha, wakairudisha ya kale. Kwa maneno mengine, anachokidai mtangazaji wetu kilikwishakuwapo, kikawekwa kando na watu walioujua mchezo.

Nao hawakukosea. Gemu moja hutaka pointi nne (ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40), lakini wawili wakifikia 40 kila mmoja, hakuna anayeichukua mpaka amzidi mwenzake kwa pointi mbili mfululizo. Gemu sita hufanya seti, nayo pia kwa tofauti ya mbili, na wakifungana sita kwa sita huamuliwa kwa pointi za ziada. Kila gemu ikiisha, pointi zote hufutwa. Kila seti ikiisha, gemu zote hufutwa. Aliyefungwa seti ya kwanza 6-0 huanza ya pili akiwa sawa kabisa na aliyemfunga, na aliye mbele hana akiba ya kujifichia, wala hawezi kulala uwanjani akijishika goti hadi dakika ziishe, kwa sababu hakuna dakika za kumalizika. Ushindi lazima uuchukue mwenyewe, kwa pointi ya mwisho.

Mwenye shaka aitazame fainali ya Wimbledon ya mwaka 2019. Roger Federer alikuwa mbele 8-7 katika seti ya tano, ya mwisho (mwaka huo pale Wimbledon seti hiyo ilisubiri 12-12 ndipo zije pointi za ziada), mpira wa kuanzisha ukiwa mkononi mwake, hesabu ikiwa 40-15: pointi moja tu kati ya mbili na kombe ni lake. Novak Djokovic akazizima zote mbili, na baada ya karibu saa tano akashinda 13-12. Jumlisha pointi za mechi nzima, utakuta Federer alipata 218 na Djokovic 204. Kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, bingwa angekuwa Federer, na pigo lile la kuokoa roho lisingekuwa na uzito wowote kupita pigo la saa ya kwanza.

Eti ni ngumu! Watu hawa hawa jioni hukaa kwenye bao, wakazigawa kete 64, wakajua lini mtu ananamua na lini ameingia mtaji, halafu washindwe na 15, 30, 40?

Sisemi kila kitu kibaki kama kilivyokuwa mwaka 1877. James Van Alen, Mmarekani aliyetaka hata gemu zifutwe, aliambulia zile pointi za ziada za kuamua seti, nazo zimefaa. John Isner na Nicolas Mahut walipofikishana 70-68 mwaka 2010 katika seti ya mwisho, ambayo wakati huo haikuwa na pointi hizo, kwenye mechi iliyochukua siku tatu, mchezo uligeuka adhabu. Lakini kwenye mechi za wawili wawili za mashindano mengi ya kulipwa, siku hizi hesabu ya 40-40 inamalizwa kwa pointi moja tu, eti kuokoa muda wa televisheni, na hilo ni kuchomoa moyo wa kitu kizima.

Kuhusu vijana, Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa taji la wasichana la wawili wawili huko Wimbledon mwaka 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na sijasikia kwamba 15 na 30 zilimsumbua. Kinachowazuia wenzake ni bei ya raketi na geti la klabu lenye mlinzi anayeuliza kadi ya uanachama. Kipindi kizima cha redio, na hilo halikutajwa hata mara moja.