Hodi ya Amboni

Ile sauti ya WhatsApp aliyorekodi dereva wetu, eti nimegeuka mzimu wa pango la Amboni, imeshafika Muheza, imefika Pangani, na jana shangazi kanipigia kutoka Dar kuuliza kama ni kweli nimeingia kwenye uganga. Basi naomba na mie nisikilizwe. Na mjue kwamba msimulizi wenu huyo alikuwa ndani ya gari muda wote, vioo juu, anatafuna muhogo.

Kazi yangu mnaijua. (Mnaoniandikia "daktari nisaidie jino": mie ni daktari wa virusi, wa maabara. Jino lipelekeni kwa wenyewe.) Siku hizi tunapima popo wa mapango ya Amboni, hapa Tanga, tujue wamebeba virusi gani na kinga yao imeshapambana na vipi. Maana popo anaweza kubeba kirusi ambacho mtu kingemlaza kitandani, yeye akaruka zake kwenda kula. Kinga yake haina papara, haiwashi homa na uvimbe kwa kila mgeni anayeingia. Nimelisomea jambo hilo mpaka nikapewa shahada, na bado linanishangaza.

Mavazi niliyovaa siku hiyo nayo yana sababu yake. Kagera, Machi 2023, homa ya kirusi cha Marburg iliua watu 6, na wanaojulikana kuhifadhi kirusi hicho ni popo wa matunda wanaolala mapangoni. Kwa hiyo jioni ile mie nilikuwa ndani ya ovaroli nyeupe hadi utosini, miwani ya plastiki, barakoa, glovu juu ya glovu, buti, na taa ya kichwa inawaka. Shingoni nimening'iniza vifuko vya kitambaa, kila kimoja na popo wake. Ukishamtoa kwenye wavu, humo ndimo anapotulia akisubiri zamu yake. Wanasema anatulia.

Nikawa natoka nje kuwapeleka mezani. Mnaoijua Amboni mnajua watu huenda mle na ubani na marashi kuomba kwa mzimu. Kijana wa getini anajua pia. Kilichomshinda kuniambia kwamba wamo leo, sikijui.

Nasikia mbele yangu: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Sauti ya mzee, ya adabu kabisa. Jamani, mie nimezaliwa Ngamiani. Mtu akibisha hodi, akili haiulizwi, mdomo unaitika wenyewe. Nikaitika, na sauti ikapita kwenye barakoa, ikapigwa na mawe, ikatoka nzito ya kiume: "Karibuuuni!"

Kimya.

Nikapinda kona. Taa yangu ikammulika mzee wa kanzu, chetezo mkononi, moshi wa ubani unapanda. Nyuma yake kijana kabeba sinia la mkate wa kumimina. Nyuma yao mama wa makamo, kajitanda khanga. Wangekimbia hapo, mambo yangeishia hapo. Mzee hakukimbia. Alifumba macho, akainamisha kichwa, akasema:

"Shikamoo."

Mzee rika la babu yangu! Wallahi ningemwitikiaje marahaba? Nikanyamaza. Yeye akaona nimeridhia, akamgeukia mama: "Haya, sema haja yako."

Mama akapiga magoti, akayamwaga yote. Mkopo wa kausha damu, alichukua laki mbili, analipa kila siku na deni halipungui, friji wameshabeba, sasa wanautolea macho mtungi wa gesi. Analia. Na mie machozi yakanitoka humo ndani, miwani ikafunga ukungu, simwoni tena. Ningevua barakoa aone ni binti wa watu tu. Lakini glovu zimejaa mate ya popo, na kugusa uso na glovu chafu ndicho kitu ninachowagombeza wanafunzi wangu kila siku. Popo mmoja akapiga ukelele. Kifuko kikaruka kifuani. Mama akainua macho, akakitazama. Nikaona nimtulize. Nikainama, nikamwambia polepole, kwa upole wangu wote:

"Usiogope, mama. Nachukua damu kidogo tu."

Kidogo tu! Matone mawili ya kwenye bawa la popo, nani angenielewa?

Sinia lilitua kabla ya aliyelibeba kufika mlangoni. Mama alipita katikati ya mzee na chetezo chake. Kandambili ziko pale pale.

Mengine ni mafupi. Popo walipimwa wakaachiwa, sampuli zikaingia kwenye naitrojeni ya maji, huko kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri haziharibiki. Mama kapatikana karibu na barabara ya Mombasa. Mzee nilimpa shikamoo yake, akacheka mpaka akakaa chini. Mkate uliosalimika kaula dereva, na hilo kwenye sauti yake halimo, sikilizeni tena.

Juzi mzee kanipigia. Mama anasalimia. Wale wa mkopo walipokwenda kwake, aliwaambia deni kalifikisha Amboni, na mwenye pango kasema damu atachukua mwenyewe. Hawajabisha tena. Sasa majirani zake wanauliza nitakuwa pangoni siku gani.