Kuchimba dawa hadi lini?

Huu ni usiku wa tatu nalala peke yangu ndani ya gari, Norwe ya kaskazini, kwenye barabara ya pwani namba 17. Gari ni mtumba, Transporter ya mwaka 2006. Nyuma nimetandika godoro, nikaweka jiko la gesi na ndoo ya maji. Choo halina. Ndiyo maana kila jioni natafuta pa kuegesha penye choo, na jana nikafika Ureddplassen, Gildeskål. Ni kituo cha kupumzikia tu, mbele bahari, nyuma milima. Hapo pana choo cha zege na kioo, paa limejikunja kama wimbi, kimefunguliwa mwaka 2018. Saa sita usiku, jua halijazama, nikaingia. Sakafu kavu, karatasi ipo, maji yanatoka, hakuna aliyekaa mlangoni kudai shilingi mia tatu kama kwetu Tanzania. Nikafunga komeo, nikakaa humo zaidi ya nilivyohitaji.

Nilimkumbuka mama.

Mliopanda basi la Mbeya kwenda Dar mnajua. "Dakika tano, wa kuchimba dawa!" Wanaume kulia, wanawake kushoto, na kichaka chenyewe mabasi mengine yameshakimaliza tangu alfajiri. Mama anachuchumaa, mimi nimesimama mbele yake nimetanua kitenge, lori linapita linapiga honi. Mtu wa miaka 68! Halafu kabla ya Mikumi kondakta anatangaza tena, maana zile kilomita 50 za hifadhi hamna kushuka. Kwenye hoteli za njiani ndiyo usiseme: mabasi sita yamefika pamoja, foleni ya wanawake imetoka nje, dereva ameshaanza kupiga honi.

Najua nitakavyoambiwa. "Kaenda Ulaya, sasa anatutolea kasoro." "Wenzako wana mafuta." Ni kweli, waliyagundua mwaka 1969. Lakini sisi tumejenga daraja la kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, Kigongo hadi Busisi, likafunguliwa Juni 2025. Video zake nimeziangalia hadi machozi, na Wanorwe kazini nimewaonyesha mmoja mmoja. Nchi iliyosimamisha nguzo zile ziwani inashindwaje kuweka matundu manane ya choo kila baada ya kilomita mia, na milango, na tangi la maji, na mtu anayelipwa mshahara kusafisha?

Na asiniambie mtu kwamba nimesahau kwetu. Juzi nilipata pancha, nati zikagoma kufunguka, nikakaa saa nzima. Magari yakapita, hakuna aliyesimama. Ingekuwa Kitonga au Ilula, kabla sijatoa jeki vijana wangeshakata matawi wakayatandaza barabarani, mmoja yuko chini ya gari, mwingine ananiuliza, "Dada, umekula?" Hilo huku sijaliona, na nalililia. Sijasema tuubadilishe ubinadamu wetu kwa choo. Nasema mama yangu anastahili vyote viwili, na nauli analipa kamili.

Kuna watakaosema kuchimba dawa ni sehemu ya safari, tunacheka, tunarudi kwenye basi. Wanaosema hivyo karibu wote ni wanaume. Waulizeni dada zao wakiwa kwenye siku zao. Waulizeni wajawazito.

Asubuhi nilimpigia mama, nikamweleza kile choo. Akasikiliza, kisha akauliza, "Na mlango unafunga?"

"Unafunga, mama."

"Kwa ndani?"

"Kwa ndani."

Jumatano ijayo anapanda basi kwenda kliniki Dar. Ana kisukari, na daktari amemwambia anywe maji mengi. Kuanzia Jumanne saa kumi jioni hatagusa hata chai.