Hedi Iliyochemka: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Gari likichemsha, kisha maji yakaanza kupungua kwenye rejeta bila kuonekana yanapovujia, mwisho wake hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, hufunguliwa, na ubishi huanza papo hapo. Fundi mmoja atasema ipelekwe kuskimiwa, yaani kuchongwa uso wake kwa mashine, mwingine atasema achana nayo, tafuta nyingine. Kila mmoja ana sababu zake, lakini mara nyingi wanabishana kabla ya yeyote kuweka rula juu yake kuona kama imepinda.

Wanaotetea kutengeneza wana hoja nzito. Vitu vinavyochakaa kwenye hedi, yaani valvu, gaidi (vibomba vinavyoongoza valvu), siti ambazo valvu hukalia na sili za kuzuia oili, vyote hubadilishika. Kupinda nako si ajabu: aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, kwa hiyo hedi ya aluminiamu iliyokazwa juu ya bloku ya chuma, yaani mwili wa injini, joto likizidi, haina pa kwenda ila kujikunja. Kuskimu huchonga uso wa chini ukawa bapa, na kazi inaonekana imeisha.

Inaonekana tu. Hedi ikipinda hupinda yote, juu na chini. Kwa injini ambazo kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, imelala ndani ya hedi, ukichonga chini peke yake, vikalio vya kemshafti huko juu vinabaki na upinde wao. Kemshafti itazunguka kwa kubanwa, itakula vikalio, na inaweza hata kukatika. Kuchunguza ni rahisi: laza kemshafti peke yake, kaza kofia za vikalio vyake, izungushe kwa mkono. Ikikwama, hedi inahitaji kunyooshwa kwanza, na si kila karakana inayoweza kazi hiyo.

Kuna pia mpaka wa kuchonga. Kila unachopunguza huongeza mgandamizo ndani ya silinda na kusogeza valvu karibu na pistoni. Watengenezaji huweka kimo cha chini kabisa cha hedi, na kwa baadhi ya injini za dizeli wamekataza kuskimu moja kwa moja. Kwa injini nyingi upinde unaovumilika ni kama milimita 0.05 hivi, lakini mwenye neno la mwisho ni kitabu cha injini husika.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi ni ugumu wa metali yenyewe. Aluminiamu iliyochemka sana hulainika. Hedi ya namna hiyo itaskimiwa ing'ae, itapimwa presha kutafuta uvujaji ifaulu, kisha gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, ipasuke tena, kwa sababu metali iliyo chini ya boliti inabonyea. Kwa maoni yangu, hedi iliyoshindwa kipimo cha ugumu haina mjadala, hata kama haina ufa wowote.

Ufa nao haufanani. Kwenye baadhi ya dizeli, nyufa nyembamba kati ya siti za valvu huruhusiwa na mtengenezaji kwa kiwango maalumu. Ufa uliofika kwenye njia ya maji ni habari nyingine. Unaweza kuchomelewa, lakini hedi ipashwe moto kwanza, kisha ichongwe upya. Gharama hiyo ina maana kama injini ni adimu.

Hedi mpya inakuondolea maswali haya yote, ingawa nyingi huja tupu na unabaki na kazi ya valvu. Ya mtumba ndiyo inayodanganya. Nayo imetoka kwenye injini iliyoachwa kwa sababu fulani, na pengine sababu hiyo ni kuchemsha. Isipopimwa presha, upinde na ugumu kabla ya kufungwa, umenunua tatizo la mtu mwingine. Ikipimwa na kuskimiwa, umelipa mara mbili.

Kwa hiyo hedi yako ikifaulu vipimo vyote, itengeneze. Ila rula hiyohiyo ipitishwe pia juu ya bloku. Bloku ikiwa imepinda kupita kiasi, hesabu inahamia kwenye injini nzima.