Fundi wa Kamukunji na hesabu aliyonyimwa

Januari ikifika, Kamukunji, soko la mafundi wa jua kali Nairobi, hulia kwa nyundo. Wazazi hufurika kununua masanduku ya bati ya watoto wanaoenda bweni. Januari 2026, wakati kundi la kwanza la mtaala wa umilisi likiingia Gredi ya 10, nilisimama kwa fundi mmoja nikamtazama akikata bati la futi 8 kwa 4. Alipima kwa rula ya chuma, akachora kwa chaki, akageuza kipande hiki na kile mpaka mabaki yakawa madogo kuliko kiganja. Aliacha shule darasa la saba, karo ilipokosekana. Mama mmoja aliyekuwa akingoja sanduku alimwambia mwanawe, "Ungejifunza kwa huyu, saa hizi ungekuwa unajilisha."

Mama yule ana hoja. Nairobi imejaa vijana wenye digrii wanaozunguka na bahasha mwaka baada ya mwaka, huku nyumba ikikosa fundi bomba wa kuaminika. Mwenye cheti cha chuo anuwai, au hata aliyejifunzia kazini kisha akafanya mtihani wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ana kitu cha kuuza kesho asubuhi.

Lakini wazazi wanaoshuku ufundi tusiwaite wenye majivuno. Shaka yao ina historia. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza elimu ya Mwafrika iegemee ukulima na kazi za mikono. Wazee wetu waliona wanafungiwa mlango. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya watu wa eneo la Kati mwa Kenya wachange na kujenga shule zao huru, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha ualimu Githunguri. Kisha mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukaja mwaka 1985 na useremala, ufumaji na kilimo. Karakana wakaachiwa wazazi wajenge, na nyingi hazikujengwa. Mtoto alikariri majina ya randa bila kuishika. Masomo hayo yalipopunguzwa baadaye, wengi walishukuru.

Mimi naegemea upande wa ufundi, kwa sharti moja ambalo sitaki kulilegeza: usiwe badala ya kusoma na kuhesabu. Makanika wa Kirinyaga Road aliyezoea kabureta analetewa leo gari linaloongozwa na kompyuta. Asiyeweza kusoma mchoro wa nyaya anabaki kubadilisha plagi. Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2025 wizara ilipokubali, baada ya kelele za umma, kwamba Hisabati ibaki ya lazima kwa kila mwanafunzi wa upili, hata aliyechagua sanaa na michezo.

Yule fundi wa masanduku ndiye aliyenisadikisha. Shule moja ilitaka vitanda 60 vya chuma. Kuchomelea anajua kuliko yeyote pale. Ila shule ilidai kotesheni, yaani makadirio ya bei kwa maandishi, na hakujua aanzie wapi. Dalali akaichukua oda, akaandika karatasi mbili, akamlipa kwa kila kitanda kiasi alichotaka yeye dalali. Ukimpeleka kijana wa miaka 15 moja kwa moja karakana, ukamwambia Kiingereza na hesabu havimhusu, unamwandalia dalali wake.

Na ukimfungia darasani miaka kumi na sita bila kushika chombo chochote, naye utakuwa umemdhulumu. Sioni kwa nini mwanafunzi wa Gredi ya 10 wa Eastleigh asitumie alasiri mbili kwa wiki Kamukunji, mwendo wa dakika chache, na wanagenzi wa Kamukunji wasipewe darasa la jioni kwenye shule zilezile ambazo madawati yake hukaa matupu saa kumi na moja.

Siku hiyo fundi aliniomba nimwonyeshe kotesheni inavyoandikwa. Tuliiandika kwenye kipande cha katoni, mstari kwa mstari: vyuma, vijiti vya kuchomelea, rangi, stima, usafiri. Tulipofika kwenye malipo ya kazi yake mwenyewe alisita. Miaka yote hiyo hakuwa amewahi kuyahesabu.