Nice lilikuwa tusi, kwa hiyo tufanyeje?

Kuna hoja hairuki mwezi watu wakianza kubishana Kiingereza, eti maana halali ya neno ni ile ya asili, hizi nyingine ni uvivu tu wa wasemaji. Haya, tuchukue nice. Kilatini kilikuwa na nescius, ne ya kukanusha na scire ya kujua, yaani asiyejua kitu, Kifaransa cha zamani kikalikata likabaki nice, mjinga, na Waingereza wakalipokea na ujinga wake kwenye 1300 hivi, wakati huo Kifaransa kimeshajaa kwa wakubwa wao tangu Wanormandi wa kutoka Ufaransa wawateke 1066.

Wanaotetea asili wana pointi, siwabezi. Ukisoma maandishi ya kale ukadhani nice ni mzuri utapotea mazima, manake kutoka ujinga lilihamia kwa mtu wa kuchaguachagua, halafu kwa jambo jembamba linalotaka umakini, na hadi leo mwanasheria wa Kiingereza akikwambia hii ni nice point hajaisifia, anamaanisha ina utata wa kupasua kichwa. Na kweli neno linalosifia chai, mvua na mchumba kwa pamoja limeshachuja.

Ila sasa muone Henry Tilney, mhusika kwenye riwaya ya Northanger Abbey ya Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa 1817. Catherine, msichana anayeongea naye, anasifia kitabu fulani kuwa ni nice kuliko vyote duniani, jamaa anajifanya kaelewa nadhifu, anamjibu hiyo itategemea jalada lake, kisha anamsomesha kwamba hapo mwanzo labda neno lilikuwa la unadhifu na ustaarabu tu. Mwanzo upi huo? Nyuma ya unadhifu kuna yule mchaguaji, na nyuma yake amekaa mjinga! Yaani mtetezi mwenyewe wa asili kashukia kituo cha katikati, pale palipompendeza, akakiita mwanzo wa safari, na wenzake wa leo ni hivyohivyo tu, sijaona hata mmoja anayedai turudi hadi kwenye ujinga.

Halafu kuna Kihispania. Nescius hiyohiyo kule ikawa necio, na necio mpaka leo ni mpumbavu. Mzizi mmoja, ila Madrid ukimwita mtu hivyo jiandae kwa ugomvi, London ukimwita mtu nice anakushukuru, sasa hapo nani kati yao anakosea Kilatini?