Kuridhika kwa kipimo cha nani?

Mwezi Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi karibu na Kolwezi, kusini mwa Kongo, ukaua watu zaidi ya 40 waliokuwa wakichimba kwa mikono. Kila msiba wa namna hii ukitokea, hapa Lubumbashi hukosi mtu wa kusema: tamaa mbele, mauti nyuma.

Hoja anayo. Kanuni zinawakataza wachimbaji wa mikono kupita mita 30, ila jiwe zuri likizama, wapo wanaolifuata, na mbao za kuzuia udongo wanaziona hasara. Pesa ya Ijumaa inaisha Jumapili kwenye bia, Jumatatu wanashuka tena. Mhubiri akiwasomea Timotheo, kwamba tukiwa na chakula na nguo tutaridhika, sioni pa kumpinga.

Shida ni kwamba mji huu ulishaishi andiko hilo kwa miaka mingi. Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya kuchimba shaba iliyoanzishwa 1906, ilikuja kuona faida ya kumweka mfanyakazi kambini na mke na watoto wake. Ikampa nyumba, hospitali, shule na posho. Serikali ilipoichukua 1967 na hatimaye ikawa Gécamines, utaratibu uliendelea. Siku ya posho mama alikwenda na mifuko yake akapimiwa bunga (unga), mafuta, maharage, samaki. Watoto wakiongezeka, na bunga linaongezeka. Watu walisema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Mke wa mfanyakazi akionekana sokoni anauza, ilikuwa aibu kwa mume: kwani hashibi?

Ndipo mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka, na nchi yenyewe ikayumba. Kampuni iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ikashuka chini ya tani 50,000. Mishahara ikakatika miezi na miezi. Kuanzia 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango uliosimamiwa pamoja na Benki ya Dunia, ukaitwa wa hiari (hiari ya mtu asiyelipwa!). Katika nyumba nyingi aliyeokoa jahazi ni yule mama wa aibu, na meza yake ya makala (makaa) na bunga la kupima kwa meka, kopo la sokoni. Baba aliyeridhika alikuwa bado anangoja posho.

Kwa hiyo nasita mtu akiniambia kuridhika ni fadhila, basi. Kule kambini kiasi cha kutosha kilipangwa ofisini, na aliyekipanga alijua mtu aliyeshiba hatauliza shaba inauzwa bei gani.

Upande wa pili nao haunishawishi. Siku hizi kuna madhabahu zinazofundisha kwamba asiye na gari hana imani, na vijana wanakopa ili waonekane wamebarikiwa. Hilo nalipita haraka, kila mtu analiona.

Wanaonivutia zaidi ni akina mama wa likelemba. Kila wiki wanachanga, mmoja anachukua yote, wengine wanangoja zamu. Anayengoja anataka zaidi, tena anajua anataka nini: friji ya kuuzia samaki, karo ya watoto. Ila hataki cha mwenzake kabla ya siku yake, na kiasi cha mchango walikikubali wote wakiwa wamekaa pamoja.

Mchimbaji hana kikao kama hicho. Anafika kwa mnunuzi na gunia lake. Mizani ni ya mnunuzi, kifaa cha kupima ubora wa madini ni cha mnunuzi, bei imeandikwa ubaoni na mnunuzi. Lawama za tamaa zikianzia shimoni, zimeanzia mbali. Mimi ningeanza kwenye ile mizani.